Namba Isiyosogea kwenye Pikapu ya Baba

Pikapu ya baba ilitembea msimu mzima wa mvua bila kuongeza hata kilomita moja. Nililikumbuka hilo juzi Gongo la Mboto, nilipoona dereva akigonga dashibodi ya gari lake kuukuu ili mshale wa spidi uamke.

Nyumbani kwetu Mtoni, kila baba aliporudi mama alinituma nikaisome namba ya kilomita kwenye dashibodi. Ilikuwa ileile, nami nikamtetea baba kwa moyo wote.

"Mama, baba hajaenda kokote!"

Mama aliguna tu.

Alasiri moja baba alipokwenda msikitini kwa miguu, mama alimwita fundi jirani yetu. Nilikaa kwenye usukani, pua imejaa harufu ya grisi na tope bichi, fundi akaingia uvunguni. Ghafla mshale ukaruka.

"Umeamka!" nikapiga kelele. Nilidhani gari limepona.

Fundi alitoka taratibu. "Shemeji, waya wa spidi ni mzima. Nimeuzungusha kwa vidole, umefanya kazi. Umefunguliwa makusudi kwenye giaboksi, ncha ikavishwa nailoni, ikafungwa kamba."

"Na nani?"

"Ah, shemeji! Mie nayajua ya magari. Ya humu ndani unayajua wewe."

Mama alitazama njia ya msikitini. "Urudishe kama ulivyoukuta. Na nailoni yake."

Baba aliporudi alimsalimu fundi, akautazama mgongo wa shati lake uliojaa tope, asiulize kitu. Pikapu iliuzwa ikiwa na namba ileile, na mama hajawahi kuniambia kama alimuuliza baba alikokuwa akienda.