Bromelia za Mtakatifu Sebastiani

Iracilda hakuwa mtu wa pupa, na bromelia, maua yale ya majani mekundu, hazimtaki mtu wa pupa. Kule milimani alizilea nyuma ya nyumba, chini ya wavu mweusi wa kivuli, na kivulini zilikuwa kijani tupu kama kabichi. Wekundu huletwa na jua. Lakini jua lenyewe upe mmea kidogo kidogo: ukiutoa kivulini ukautupa juani ghafla, majani yanababuka, yanakuwa meupe kama yaliyomwagiwa maji ya moto, na jani lililoungua haliponi.

Mwaka ule aliutaka wekundu kuliko miaka yote. Binti yake Jandira, aliyeolewa mji wa bondeni, alikuwa na mimba yenye matatizo, na Iracilda alikuwa amemwekea nadhiri Mtakatifu Sebastiani: Jandira akijifungua salama, ngazi za kanisa zitajaa bromelia nyekundu siku ya sikukuu, zilizolelewa kwa mikono yake. Basi akawa anazizoesha. Mwanzo jua la asubuhi peke yake, kisha akapunguza tabaka la wavu, likabaki moja. Kila chungu alikipaka chokaa upande wa mashariki, maana mmea ukigeuzwa, upande usiozoea ndio huungua.

Sikukuu ikiwa karibu, Jandira akashikwa na uchungu kabla ya wakati. Iracilda akakimbilia kwa Deolinda, jirani wa ng'ambo ya uzio, naye mlezi wa bromelia, aliyemsimamia Jandira ubatizo. Mama mzazi na mama wa ubatizo huitana komadre, na kwao huo ni udugu kupita wa damu.

"Komadre, nakuachia watoto wangu. Wavu usiuguse, jua la saa sita bado hawaliwezi. Na vyungu usivigeuze!"

"Wee! Utadhani unaniachia kichanga," Deolinda akacheka. "Hebu nenda kwa mwanetu. Mimi si nipo?"

Alikuwepo, kweli. Hiyo ndiyo ilikuwa balaa.

Jandira alijifungua salama, mtoto wa kiume. Iracilda akapanda mlima siku moja kabla ya sikukuu, moyo mweupe, akaingia uani. Wavu haupo. Bromelia zote zimebabuka, mabaka meupe mpaka kwenye kikombe cha katikati.

"Upepo, komadre!" Deolinda alikuwa kwenye uzio, anajifuta macho kwa aproni. "Umeuchukua wavu, sikujua hata ulikokwenda!"

Iracilda akamwamini. Alimwamini hata akambembeleza, yeye aliyeunguziwa! Hapo ndipo mimi hupandwa na hasira kila nikikumbuka.

Jioni akaoka keki ya mahindi, akampelekea komadre wake kumshukuru. Akapitia nyuma, kama siku zote. Juu ya bromelia za Deolinda kulikuwa na nyavu mbili, na ule wa juu ulikuwa na kiraka alichokishona Iracilda mwenyewe. Chini yake bromelia zilikuwa nyekundu kama damu. Kikulacho ki nguoni mwako.

"Zangu niliziharakisha juani," Deolinda akasema, macho chini. "Zikaanza kuungua. Nikasema niuazime tu..."

"Na zangu je?"

"Kila mwaka ngazi zako, komadre! Kila mwaka! Na mimi nilitaka watu waulize, hizi za nani?"

"Nadhiri yangu uliijua."

"Niliijua."

Iracilda akarudi na keki yake.

Siku ya sikukuu ngazi zilijaa wekundu wa Deolinda. Iracilda aliweka chungu kimoja tu, kile kilichoungua kidogo, ngazi ya chini kabisa, akamwomba mtakatifu apokee hivyo hivyo. Mkwewe alikuwa amewaleta Jandira na mtoto kwa gari, na Deolinda akawawahi mlangoni, mikono mbele.

"Nipe mjukuu wangu nimbariki! Tunambatiza lini?"

Jandira alikuwa anamnyooshea mtoto. Iracilda akaingia katikati.

"Bi Deolinda," akasema, "huyu tutamtafutia msimamizi mwingine."

Tangu azaliwe, Jandira hakuwahi kumsikia mama yake akimwita yule mwanamke hivyo. Deolinda akaishusha mikono, akaingia kanisani.

"Mama! Una nini? Yote haya kwa ajili ya maua?"

"Kwa ajili ya maua," Iracilda akajibu, akamfunika mtoto uso asipigwe na jua. Lile lenyewe, kwamba komadre aliijua nadhiri na bado akauchukua wavu, hakuweza kulitamka.