Bega la Bi Funguo na Mashine ya Kilo Mbili na Robo

Asubuhi ile, juu ya mizani ya muuza mboga, katikati ya vitunguu na karoti, ililazwa mashine ya kutafutia vyuma vilivyofukiwa ardhini. Muuza mboga aliitazama sindano, akainama, akaitazama tena.

"Kilo mbili na robo," alisema. "Nikufungie, au utaila hapa hapa?"

Bi Funguo hakucheka, ingawa kwa kawaida yeye ndiye huanza utani. Aliandika uzito ule kwenye kikaratasi, akaichukua mashine kwa mkono wa kushoto na kuondoka. Wa kulia ulining'inia tu.

Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amechonga funguo katika kibanda chenye upana wa mlango mmoja, na bega la kulia lilichoshwa na tupa kabla yeye mwenyewe hajachoka. Alipofunga kibanda, alinunua mashine hiyo kwa mtu aliyekuwa akihama. Tangu hapo, kila Jumamosi alikwenda kwenye uwanja wa nyasi palipokuwa na soko la zamani. Mlinzi alikuwa amemruhusu, mradi afukie anapochimba. Alipitisha ile sahani ya chini ya mashine juu ya nyasi, kulia na kushoto, na ikilia alipiga magoti na kuchimba kwa mwiko mdogo wa bustani.

Wengi wenye mashine kama hizo huota dhahabu. Yeye alitaka funguo. Sebuleni kwake ulitundikwa ubao wenye funguo arobaini na sita zilizookotwa, kila moja na kikaratasi chake: "Kufuli la baiskeli." "Sanduku la nguo. Aliyeuchonga alikuwa na haraka." "Mlango wa mbele. Mwenyewe alikuwa mtu wa hasira." Nimewaona watafutaji wa namna hii katika fukwe na mashamba ya nchi nyingi, na wote huzungumzia walichokipata. Yeye nilimsikia akizungumzia aliyekipoteza.

Sasa bega lilikuwa limevimba. Binti yake, muuguzi, alikuja Jumapili kulikagua.

"Inua mkono, mama."

Mkono ulifika usawa wa sikio, ukagoma.

"Hiyo mashine inakumaliza."

"Si mashine. Ni uzito wake."

"Kwani mashine na uzito wake wanaishi nyumba mbili?" Binti aliufunga mkoba wake. "Nakupa wiki mbili. Nikija Jumapili ya pili, usipogusa juu ya fremu ya mlango, naipeleka kwa mwalimu wa jiografia. Kila siku ananiulizia."

"Mtu asiyekumbuka kufunga hata geti lake?"

"Huyo huyo."

Binti alipoondoka, Bi Funguo alimgeukia mumewe. "Hawa wanaozitengeneza hawajawahi kushika moja saa nzima. Wanaipima mezani, inakaa vizuri, wanakwenda kula."

Mumewe alikuwa fundi wa kushona viti vya magari. Kazi yake yote ya maisha ilikuwa kuamua uzito wa mtu uende wapi. Aliishika mashine, akaisawazisha juu ya kidole kimoja kama anayechezea fimbo.

"Kilo si tatizo sana," alisema. "Tatizo ni kwamba zote zinauvuta mkono mmoja. Betri inafanya nini huku juu ya mpini? Na aliyepimiwa mpini huu alikuwa mrefu kama nguzo ya umeme."

Karibu wiki mbili nzima Bi Funguo hakugusa mashine. Alipaka dawa, akakanda bega kwa maji ya moto, akamwangalia mzee wake akifanya kazi. Mzee alihamishia kisanduku cha betri kiunoni kwa waya mrefu zaidi. Aliweka sponji ya kiti pale mkono unapoegemea. Alishona mkanda wa kupita bega la kushoto, kutoka kwenye mkanda wa usalama wa gari bovu, ili bega zima lilisaidie lile gonjwa. Mwisho alikata mpini, shibiri moja na nusu. Walirudi kwa muuza mboga: mkono wa kulia ulibaki na gramu mia tisa tu.

"Imekonda," muuza mboga alisema. "Ilikuwa inaumwa?"

Jumamosi ya pili walikwenda uwanjani pamoja, mzee akibeba kigoda. Bi Funguo alivaa aproni lake la kazi, lile lenye mfuko mkubwa unaofika gotini. Mashine ikalia hatua ya kwanza. Alichimba: udongo mtupu. Hatua ya pili ikalia tena, na ya tatu.

"Hapa pana mali," mzee alisema kutoka kwenye kigoda.

"Hapa pana wewe. Hiki kifungio cha mkanda ni cha nini?"

Mzee alijipiga paji la uso. Kifungio kilikuwa cha chuma. Alikikata, akafunga mkanda kwa fundo. Bi Funguo akajaribu tena, na mashine ikalia vilevile.

Aliutazama mpini. Mpini uliokatwa haurudi, na muda wa kutafuta mwingine haukuwepo. Jumapili ya pili ilikuwa kesho.

"Umeiua, mzee," alisema polepole.

Mzee alimtazama kama anavyotazama kiti kinachoyumba bila sababu. "Ipitishe tena. Kulia: kimya. Kushoto: inalia. Kushoto una nini?"

"Mguu."

"Na juu ya mguu?"

Bi Funguo aliingiza mkono kwenye mfuko wa aproni na kutoa bunda la funguo za mfano, ishirini na mbili, zilizokaa humo tangu siku ya kwanza ya kibanda. Uzito wake alikuwa ameuzoea hata hausikii. Mpini ulipokuwa mrefu, sahani ilipita mbali mbele yake. Sasa ilipita kando ya goti.

"Mwaka mzima unaitafutisha funguo," mzee alisema. "Leo imezipata, unaigombeza."

"Usimwambie mtu."

"Nani nimwambie?"

"Muuza mboga."

"Huyo ni lazima."

Mzee alikaa na lile bunda mapajani, na Bi Funguo alitembea saa nzima. Alipata misumari, vifuniko vya chupa, na karibu na ukuta, ufunguo mdogo wa shaba. Aliusugua kwa kidole gumba. "Kabati la vyombo," alisema. "Ona meno yalivyolika. Alikuwa akilifunga kila siku."

Kesho yake binti alifika, akaketi. "Haya, mama. Fremu."

"Ngoja, nina kazi kidogo."

Safu za chini za ubao zilikuwa zimejaa. Msumari uliobaki wazi ulikuwa juu kabisa, juu kuliko fremu ya mlango. Bi Funguo aliushika ule ufunguo wa shaba kwa mkono wa kulia, akauinua. Ulipita bega, ukapita sikio, ukasita.

"Visigino chini," binti alisema. "Nakuona."

Visigino vilishuka. Mkono ulipanda taratibu, na ufunguo ukanasa kwenye msumari.

Binti alilibonyeza bega kwa muda mrefu. "Linauma?"

"Linanung'unika. Halipigi kelele."

"Saa moja kwa wiki, basi. Na bila huo mkanda hutoki." Kisha akamgeukia baba yake. "Mwalimu wa jiografia amejinunulia mashine yake, na ameshaanza kulalamika mkono. Unaweza kumshonea?"

"Aje nimpime."

Bi Funguo alikuwa tayari mezani, akiwaandikia watengenezaji, kikaratasi cha mizani kando yake. Betri iende kiunoni. Mpini ukubali kufupishwa. Pawe na mkanda, usio na chuma.

"La funguo za mfukoni usiandike," mzee alisema.

"Ndilo nililoanza nalo," alijibu, akageuza karatasi upande wa pili.