Fomu Niliyoijaza kwa Kihispania

Mimi nina kiherehere, na sioni sababu ya kukificha. Leo naishi Buffalo, na shahada yangu ya lugha na utamaduni wa Kihispania iko ndani ya droo, sijaitundika ukutani. Nilipokuwa mwaka wa tatu chuoni, Columbus, kiherehere hicho ndicho kilichoniponza. Laiti kingeniponza mimi peke yangu.

Nyumbani hakuna aliyeelewa wazo la kusomea Kihispania nimelitoa wapi. Wazazi wangu walikuwa Louisville, kule Shively, na baba kila akipiga simu alianza na lile lile: "Sisi ni Warundi, tumelelewa Tanzania, tunaishi Marekani. Hao Wahispania wameingilia wapi?" Nilikasirika, nikamwambia nusu ya wenzake kiwandani wanaongea Kihispania na yeye hata kuwasalimu hajui. "Haya bwana, msomi," akasema. Baba akisema hivyo, ujue hajakubali.

Columbus nilikaa kwa mama mdogo, Reynoldsburg, na Jumamosi na Jumapili nilifanya kazi ghalani, kufunga maboksi. Jirani yangu mezani alikuwa mama mmoja wa Honduras, mtu wa makamo, mfupi, mwenye mikono myepesi ajabu. Huyo ndiye aliyekuwa mwalimu wangu hasa. Chuoni tulichambua mashairi na kuandika insha kuhusu sikukuu za wafu. Yeye alinifundisha kulalamika, kumtania mtu bila kumuudhi, kumjulia hali mgonjwa. Aliniita mwanangu. Mchana alinimegea maharage yake na chapati za mahindi, nami nikampa wali wa mama mdogo, akaula kwa adabu ingawa najua hakuupenda.

Baridi ilipoanza kupungua, ghala likabadilisha wakala wa vibarua. Wakaja watu wapya ofisini, wapole, wanaotutazama sana. Supavaiza akaacha utani. Mlango wa nyuma, tulikozoea kuota jua wakati wa mapumziko, ukafungwa kwa kufuli. Mimi sikujiuliza kitu. Jumamosi moja supavaiza akaniita: kuna fomu mpya, wenzako wa Kihispania hawaelewi Kiingereza, si wewe unayesomea lugha yao? Kichwa kikavimba. Tena chuo kilitutaka tukusanye saa za kuitumia lugha na watu wa mtaani, na mimi nilikuwa nyuma.

Fomu iliuliza jina, nchi ya kuzaliwa, anwani, na majina ya wote unaoishi nao. Wengine walinisikiliza nikiwatafsiria mpaka katikati wakaikunja, wakaaga kwamba wanakwenda msalani, wasirudi. Nilikereka. Niliona wananivunjia heshima mbele ya supavaiza.

Yule mama alikaa mbele yangu, kalamu iko mezani, haigusi.

"Mwanangu, hii karatasi inakwenda wapi?"

"Ofisini, mama."

"Na ikitoka ofisini?"

Sikujua. Mtu mwenye akili zake angesema hajui. Mimi nikaanza kumsimulia kambi. Nimekulia kambini, Kigoma, na kule kuandikwa ndiyo uhai. Siku ya uhakiki tulipanga foleni tangu alfajiri, mama ametushika mikono, na wagonjwa walibebwa, kwa sababu asiyeandikwa hana posho. Majirani zetu walimwacha bibi yao ndani siku hiyo kwa kuwa alikuwa na homa, na muda mrefu baadaye walimlisha kwa kupunguza kwenye sahani zao. Ndivyo tulivyolelewa: karatasi ikiuliza unaishi na nani, taja wote, usimwache mtu. Nilimweleza hayo kwa Kihispania kizuri kuliko chote nilichowahi kuongea. Nilijipenda, Mungu anisamehe.

Alinitazama muda mrefu. Alikuwa na hofu, niliiona, nikadhani ni aibu ya kuandika kwa shida.

"Wewe ni mkimbizi," akasema. "Mambo ya karatasi unayajua kuliko mimi."

Akanisogezea kalamu. Nikamwandikia kwa mkono wangu: nyumba yao ya Gahanna, dada yake, watoto watatu wa dada. Yule wa mwisho alitaka kumruka, eti bado mchanga. Nikamkatalia, nikamwandika.

Jumamosi iliyofuata alikuwepo. Ya pili yake hakuja. Nikamuuliza supavaiza, akasema hajui, na macho akayapeleka kwenye maboksi. Wale wa Kihispania waliobaki nikiwasalimu waliinamisha vichwa. Mwishowe mwanamke mmoja akaniambia, bila kunitazama, kwamba maofisa wa uhamiaji walimkamata Alhamisi asubuhi, hapo nje, akishuka garini.

Nikaiona ile fomu yote, mstari kwa mstari, kwa mwandiko wangu.

Nikaacha kazi vilevile nikapanda mabasi mawili hadi Gahanna. Dada yake akafungua mlango nusu, mtoto mchanga yuko begani. Nikajitambulisha. Akasema ananijua, ni yule mwanafunzi. Hakunitukana; angenitukana ningemshukuru. Alikuwa na swali moja tu, kwa sababu dada yake hakuwahi kumwambia fomu iliuliza nini.

"Uliandika na sisi?"

"Ndiyo."

"Anwani hii?"

"Hii."

"Na huyu?" Akamgusa mtoto mgongoni.

"Na huyo."

Akarudi ndani. Nilisikia kabati zikifunguliwa, watoto wakiambiwa wavae viatu. Mfuko wa nguo ulipofika mlangoni niliinama niubebe, niupeleke kwenye gari lao hapo nje. Akaniwekea mkono kifuani, si kwa nguvu, akaniomba nitangulie kuondoka. Nilipofika kona nikageuka. Alikuwa bado amesimama mlangoni na watoto watatu, wamekwishavaa makoti, ananisubiri nipotee ili nisijue wanaelekea upande gani.