Mlio wa Kaprisi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, miaka ya tisini, nilipokuwa msichana kwetu Mabela. Babu alikuwa ametutoka, na bibi anakaa eda. Mimi ndiye niliyekuwa nikishinda naye chumbani.

Uani, kaka yangu Salum na binamu yetu Nasser walikuwa na ubishi wao. Salum ana gari yake, Kresida. Babu kaacha Kaprisi, gari pana kama sebule. Zote mbili zinasukumwa na magurudumu ya nyuma, basi wakizishindanisha kutwa. Salum alisema Kresida ni nyepesi, mkia wake mchangani unacheza utakavyo. Nasser akamwambia nenda zako, Kaprisi ina silinda nane, na mashimo ya njia ya Qurayyat huyasikii kabisa. Mimi nawasikia dirishani nacheka peke yangu.

Mwisho wakakubaliana waziwashe zote, wasikilize ipi inanguruma vizuri. Kaprisi ilikuwa haijawashwa tangu msiba.

Ilipowaka, bibi aliiweka tasbihi chini. Uso ukamchangamka. "Pasha kahawa," akanambia, "babu yako keshafika na samaki wake."

Kisha akakumbuka. Nilimuona anavyokumbuka, mwanangu, na mpaka leo nnapokueleza moyo unaniuma. Akajifunika uso kwa mtandio.

Baadaye akawaita wale vijana. Wakaingia wanacheka, wakidhani anataka kuwaamulia.

"Ipi imeshinda?" akawauliza.

Walipomtazama macho, kicheko kikawaisha.

"Siwakatazi kuiendesha," akasema. "Babu yenu hakuinunua ije kuozea uani. Lakini mkitaka kuiwasha, mmoja aje kwanza aniambie. Mlio ule nimeungoja kila Alkhamisi, akirudi na samaki, miaka yote."

Tangu hapo, mpaka eda yake ikaisha, Salum hugonga mlango kwanza. "Bibi, ni mimi nnayewasha." Naye humjibu taratibu, "Washa, baba."

Basi, mwanangu, bishana na wenzako, furahia gari zako, ujana ni wako. Ila ukiingia nyumba yenye msiba, usiguse kitu cha marehemu mpaka umuulize aliyebaki. Wewe hujui alikuwa akikingoja vipi.

Mungu akukuze, akulainishe moyo. Na siku nitakapoondoka mimi, akujaalie watu watakaogonga mlango wako kwanza.