Mama Inahusu na Karatasi Tupu

Dada yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Mama Inahusu. Jina hilo alilipata mikutanoni. Karatasi ya mahudhurio ikimfikia, hatii saini mpaka aulize, "Hii inahusu nini?" Akikuta juu hakujaandikwa kitu, anaandika mwenyewe: Mahudhurio tu. Kisha anapiga mstari chini ya jina la mwisho, mtu asije akaongeza lake. Watu humcheka. Mimi mdogo wake, fundi baiskeli, nilikuwa nacheka kuwashinda wote.

"Kitambaa nikishakikata hakirudi," aliniambia siku moja. "Wewe unadhani saini yako ndiyo inarudi?"

Nikamwambia aache makuu, pale ni mkutano wa mtaa tu.

Sasa sikilizeni balaa langu. Mwezi uliopita dada alielemewa na sare za shule, hakuja mkutanoni. Mimi nikakaa mbele. Katibu akanipa karatasi, juu haina neno, nikasaini wa kwanza kwa mbwembwe zangu zote. Watu arobaini na moja wakafuata. Tukajadili taka, tukatawanyika.

Jumatatu, tangazo likabandikwa mlangoni mwa zahanati. Chumba cha kujifungulia kitafungwa, kiwe ofisi ya diwani, "kwa ridhaa ya wananchi ambao saini zao zimeambatishwa." Saini ya kwanza, yangu. Na binti yangu ana mimba ya miezi minane. Hospitali kubwa ni mwendo wa saa mbili kwa gari, gari likipatikana. Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu alikuwa njiani kwelikweli.

Tangu siku hiyo sikutulia. Nafungua gurudumu, nalifunga, nalifungua tena. Mke wangu akaniuliza kama nimekalia siafu. Binti akipita, mkono kiunoni, nainamia mnyororo nisimtazame. Nilimwonea aibu mwanangu mwenyewe, na aibu ikageuka hasira, nikamgombeza mteja wa watu kwa sababu ya kengele.

Mwisho nikaenda kwa dada.

"Wewe una mdomo," nikamwambia. "Simama mkutanoni Jumamosi useme ile karatasi ilikuwa ya mahudhurio."

Hakuinua uso kwenye cherehani. "Jina langu halimo. Nitaitoaje saini isiyo yangu?"

"Wataniona mjinga, dada."

"Ulikuwa mjinga. Sasa usiongeze na uoga."

Nikatoka nimenuna.

Jumamosi tukakutana darasani, watu wazima kwenye madawati ya watoto, magoti kidevuni. Diwani alikuja mwenyewe, akaipunga karatasi. "Jamani, mliridhia wenyewe. Saini hizi hapa."

Nikainuka, nikakaa, nikainuka nusu, nikakaa tena. Dada, nyuma yangu, hakuinuka. Binti yangu alikuwa amesimama dirishani, maana dawati halikumtosha. Nikamwangalia tumbo lile, nikasimama.

"Namba moja ni mimi," nikasema. "Karatasi ilikuwa tupu juu. Nilisaini kwamba nimefika, basi. Uzembe ni wangu, sikatai. Lakini hayo maneno ya ridhaa ameyaandika nani?"

Katibu akatazama viatu vyake. Nikaona nimekwisha, nimejianika peke yangu. Kisha muuza mkaa akajivuta kutoka kwenye dawati lake. "Namba nne ni mimi. Hata mimi nilisaini kufika." Mkunga mstaafu akafuata, "Namba kumi na tisa." Baada ya hapo walisimama wengi kwa mpigo.

Diwani akapangusa uso. Akasema, kwa upole wa kulazimisha, basi chumba hakifungwi kwanza. Wanaopinga waandike pingamizi, nalo litapelekwa halmashauri leo hii. Katibu akanisogezea karatasi na kalamu haraka haraka. Nami nilikuwa na pupa, nataka yaishe nirudi kwenye baiskeli zangu. Nikainama nisaini.

Mtu akanishika kifundo cha mkono. Nilijua ni dada. Kumbe ni binti yangu, anahema, kapenya kwenye madawati na tumbo lake lile.

"Baba," akasema, "hii inahusu nini?"

Nikaitazama karatasi. Ilikuwa tupu, juu mpaka chini.