Kulwa na Doto Ndani ya Vioo

Juma hili nilikuwa dukani kwa mpiga picha wetu hapa Shinyanga, yule anayefunga kifaa cha vioo mbele ya kamera, mtu mmoja akatoka mara mbili katika picha moja. Shule niliikimbia mapema, lakini vioo hivyo navijua kuliko walimu walionichapa.

Akaja mama kuchukua picha ya mwanawe Kulwa. Doto, pacha wake, walimzika masika yaliyopita. Alipoiona picha, akaketi chini.

"Doto huyu hapa," akasema, kidole juu ya sura ya kulia.

Nikacheka. "Shikamoo, Mama Kulwa. Huyo ni Kulwa yuleyule, vioo vimemgawa."

"Marahaba. Mbona huyu sikio linaonekana na yule halionekani?"

Nikampa darubini ya kutazamia picha hizo. Ndani yake sura mbili huungana, mtu akasimama mmoja kama yu hai. Mpiga picha alishaanza kutabasamu, akingoja sifa.

Mama akaishusha darubini polepole.

"Na Doto mmempeleka wapi?"

Wajuaji wenzangu, mwenye jibu akampe. Mimi duka lile sasa nalipitia ng'ambo ya barabara.