Daftari la Flashi

Mpaka leo nikimsikia mtu akisifu nidhamu ya kazi, damu hunichemka. Nalikumbuka daftari la jalada jeusi lililokaa mezani kwangu ofisini Hurlingham, ambamo kila asubuhi niliwapigia tiki watu ambao sikuwaona wala kuwasikia.

Tulikuwa ofisi ndogo ya kuandika mahojiano. Watafiti walituletea kanda walizorekodi mashinani, na watu watano, kila mmoja akiwa kwake nyumbani, walizisikiliza na kuzichapa neno kwa neno. Mimi ndiye niliyewasimamia. Hakuna aliyenifundisha kumsimamia mtu asiye mbele ya macho yangu, lakini mwanzoni sikuona shida. Nilimpa mtu kazi, nikamwambia siku ya kuirudisha, na ikirudi niliisoma. Mkurugenzi aliona huo ni uzembe. Alitaka kuhakikishiwa kwamba saa mbili kamili asubuhi kila mtu ameketi kazini. Yeye mwenyewe alifika na gari lake kutoka Parklands saa nne, siku akiwahi.

Basi akatoa amri ya flashi. Ikifika saa mbili, kila mfanyakazi aipigie simu ya ofisi, iite mara moja, akate. Haikuhitaji hata senti, ndiyo maana aliipenda. Na adabu ya flashi sote tuliijua: haishikwi. Ukiishika umemlia mwenzako kredo ya simu, naye atakununia wiki nzima. Kwa hiyo nilitazama namba kwenye kioo, nikapiga tiki, nikangoja nyingine. Watu wazima na akili zetu tulipima kazi kwa simu ambayo hairuhusiwi kupokewa, na hakuna aliyecheka.

Mmoja wa wale watano alikuwa mama wa Riruta, mpangaji wa chumba kimoja kwenye ploti karibu na Naivasha Road. Stima mwaka huo ilikuwa ya mgao, na kwao ilikatwa saa tatu asubuhi, hivyo aliamka alfajiri kuchapa kabla haijaenda. Simu ya nyumba ilikuwa moja. Mumewe, kibarua wa mjengo, aliondoka nayo saa kumi na mbili, maana bila simu hakuna fundi angemwita kwa kazi ya kesho. Mama huyo alinieleza haya yote wiki ile ile amri ilipotoka. Nikamwambia, "Usijali, kazi yako inaonekana."

Na ilionekana. Ilirudi kabla ya siku yake, hata kikohozi cha mzee aliyehojiwa kimeandikwa mahali pake. Kulikuwa na jamaa mwingine, wa Kawangware, aliyeflashi kila siku ya Mungu dakika moja kabla ya saa mbili. Kurasa zake zilijaa neno "haisikiki." Nilimpa yule mama kanda hizo hizo, na kumbe zilisikika vizuri tu. Kwenye mikutano mkurugenzi alimtaja nani kuwa mfano wa kuigwa? Jamaa wa "haisikiki."

Asubuhi moja nilikuwa nikiisogeza simu nipate nafasi ya chai, kidole kikabonyeza na kuipokea flashi ya jamaa huyo. Akaongea mwanamke wa makamo, naye amekasirika.

"Kwani umeshika? Kijana aliniambia hamshikangi."

"Samahani mama, yeye yuko wapi?"

"Alienda kazi. Si ako na ile ingine ya hoteli? Mimi ni mamake. Aliniachia simu nikuwe nakata hivi kila saa mbili."

Nikacheka, nikijua sasa upuzi huu umefika mwisho. Saa nne nilimweleza mkurugenzi kila kitu. Alinisikiliza akilifunua daftari.

"Lakini huyu ana tiki zote," akasema. "Huyu wa Riruta hana hata moja. Miezi miwili. Unaniambia ulikuwa unajua?"

"Kazi yake ndiyo bora kuliko zote. Nikuletee uisome?"

"Sijakuuliza kuhusu kazi yake. Nimekuuliza kama anakuja kazini."

Anakuja kazini, mtu aliyeambiwa afanyie kazi nyumbani! Ningepaswa kumtupia daftari lile miguuni. Badala yake, mchana ule barua ya kumwachisha kazi mama wa Riruta ililetwa mezani kwangu, nikatia sahihi yangu kama msimamizi, nikaipeleka Riruta mwenyewe. Nilijiambia huo ni uungwana.

Aliisoma akiwa amesimama mlangoni. Kazi ya wiki ile alikuwa tayari ameituma kutoka saiba, kwa wale wa kukodisha intaneti.

"Madam, kuna siku kazi yangu ilichelewa?"

"Hapana."

"Na si nilikuambia hiyo maneno ya simu?"

"Uliniambia."

Akaikunja barua ikawa ndogo kabisa. "Na nikianza kuflashi kesho?"

Hapo ndipo nilipopaswa kumwambia ukweli, kwamba barua imeshatoka na mimi ni mwoga. Nikasema, "Wacha niongee na mkurugenzi."

Kesho yake, saa mbili kamili, simu ya ofisi iliita mara moja ikakatika. Ilikuwa namba ya mumewe. Ina maana mwanamume yule ama alikuwa bado nyumbani saa mbili, na kule mjengoni vibarua walichaguliwa saa moja, ama aliondoka bila simu na fundi hangempata. Nikatazama daftari, jina la mkewe lilikuwa limepigwa mstari mwekundu. Siku iliyofuata iliita tena. Nilimkasirikia mkurugenzi, nikaukasirikia mgao wa stima, na Mungu anisamehe, nilimkasirikia hata mama yule kwa kuniamini.

Aliflashi siku nane za kazi, hakuchelewa hata moja. Siku ya tisa simu haikuita, na mimi nilikuwa bado sijaongea na mtu.